MANENO YA KAZI YAFAHAMIKE KABLA YA KUTIA SAHIHI

Atafutaye kazi katika viwanda vya Thika au mashamba ya kahawa ya Ruiru mara nyingi hupewa karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Wengi hutia dole gumba upesi, wakichelea kuonekana wajinga. Lakini neno moja laweza kumpotezea mtu haki yake.

Tulitazame neno "casual". Sisi husema kibarua, na asili yake ni barua ndogo, yaani cheti cha kazi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yasema kibarua ni yule alipwaye kila mwisho wa siku, asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Akiisha kufanya kazi siku mfululizo zitimizazo mwezi, huhesabiwa mtu wa mshahara wa mwezi, naye astahili notisi ya maandishi ya siku 28 kabla ya kuachishwa, isipokuwa ametenda kosa kubwa.

Tena, asiyefahamu lugha ya mkataba, sheria hiyo yamwagiza tajiri wake amweleze kwa lugha aijuayo. Basi, ndugu msomaji, kuuliza si ujinga. Uliza kwanza, kisha utie sahihi.