Je, Wajua? Kichwa Kiumacho Baada ya Sindano ya Mgongoni
Mzazi aliyechomwa sindano ya epidurali mgongoni ili atulizwe uchungu, kwa nadra, yapata mmoja katika mia, hupatwa na maumivu makali ya kichwa, kwa sababu sindano imetoboa utando uhifadhio maji ya uti wa mgongo, nayo yakavuja. Dalili yake ni bayana: akiketi kumnyonyesha mwanawe kichwa humwanga, akilala hupata afueni, wala asidhaniwe kuwa anadeka. Tabibu August Bier wa Kiel, Ujerumani, aliyeitoa nafsi yake ijaribiwe ganzi ya mgongoni mwaka 1898, aliyaonja maumivu hayo siku kadhaa. Maumivu yakizidi, hutolewa damu ya mgonjwa mwenyewe mkononi, kiasi cha mililita 20, ikadungwa mgongoni, ikaganda na kuziba tundu, na aghalabu nafuu huja upesi.