KODI, HONGO NA MKONO WENYE SILAHA



Neno hongo, ambalo leo twalitumia kwa maana ya rushwa, zamani halikuwa neno la aibu. Katika karne ya 19 hongo ilikuwa ushuru wa njia. Msafara uliopita katika nchi ya mtemi ulimpa vitambaa na shanga, naye mtemi aliupa amani ya kupita. Wenye misafara waliitia hongo katika hesabu zao kabla ya kuondoka pwani. Ubaya ulianza pale wapokeaji walipozidi. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akiwa njiani kumtafuta Livingstone, alipita Uha, nchi inayopakana na yetu. Alilipa kwa mtawala wa kwanza. Kabla hajaenda mbali akadaiwa tena, na akaambiwa kwamba mbele wapo wengine wanaomngoja. Basi akaondoka usiku kwa siri pamoja na watu wake, wakaiacha njia kuu, wakakata porini hata wakafika Ujiji. Wale waliokuwa wakingoja mbele hawakupata hata ushanga mmoja.

Majuma machache baadaye yeye na Livingstone walipita kwa mtumbwi kando ya ufuko wetu, na jiwe la ukumbusho wao lipo Mugere, karibu na barabara ya taifa nambari 3 iendayo Rumonge. Barabara hiyo ndiyo inayonileta kwenye mazungumzo ya leo.

Tumchukue mama mmoja anayenunua ndagala wakavu mwaloni Rumonge na kuwapeleka sokoni Bujumbura, mwendo wa kilomita zipatazo 75. Tuseme mzigo wake utamwachia faida ya faranga 20,000. Tuseme tena kwamba njiani viko vizuizi vinne, na kwenye kila kimoja anatoa 2,000 bila stakabadhi. Amebaki na 12,000. Je, katika zile 8,000 Hazina ya serikali imepata nini? Haikupata kitu. Lakini ukimwuliza mama huyo jioni, atakwambia kwamba leo ameilipa serikali mara nne, maana waliopokea walivaa sare ya serikali. Safari ya pili atafanya kama Stanley. Atapakia mzigo mtumbwini usiku na kupita ziwani, na kwa kuikimbia bariyeri atakuwa ameukimbia pia ushuru halali wa komini. Mwenye kuvusha mafuta ya mawese kwenda Kongo akifanya hivyo hivyo, forodha nayo imekosa chake.

Tena kuna jambo ambalo watu wa bara hawalijui sana. Wavuvi wa ndagala huwavuta samaki kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazina nguvu, na mitumbwi mingi hulala ufukoni siku kadhaa. Kodi ya mapato iliyotungwa vizuri hufuata mapato: mwezi wa mavuno hudai zaidi, mwezi wa ukame hudai kidogo. Mkono unaopokea barabarani hauutazami mwezi.

Ndiyo sababu Katiba ya 2018 imeiweka kodi na viwango vyake katika mambo yanayoamuliwa kwa sheria. Ndiyo sababu pia, mwaka 2009, iliundwa Ofisi ya Mapato ya Burundi, OBR, ili forodha na kodi za ndani ziwe chini ya chombo kimoja. Maana ya mpango huo ni nyepesi kuieleza: mlipaji ajue kabla ya safari anadaiwa nini, na nani, na apewe karatasi ya kuthibitisha.

Tusijifiche ukweli kwamba hata serikali yenyewe imewahi kuyumba katika hilo. Kwa amri ya Desemba 2017 wananchi walitakiwa kuchangia uchaguzi wa 2020: faranga 2,000 kwa kaya kwa mwaka, 1,000 kwa mwanafunzi mwenye umri wa kupiga kura. Kwa raia wa kawaida mchango huo uliitwa wa hiari. Hata hivyo mahali kadhaa watu walizuiwa njiani au masokoni hadi waonyeshe kwamba wamelipa. Mchango ukasimamishwa mwaka 2019. Jambo likiwa la hiari halihitaji kizuizi, na likiwa la lazima linahitaji sheria.

Wako watakaosema: mshahara wa askari ni mdogo, afanyeje? Swali hilo si la kudharauliwa. Lakini askari walio wakubwa wanakumbuka mwaka 2016. Vikosi vyetu vilikuwa Somalia tangu mwisho wa 2007, na posho zao ziligharimiwa na Umoja wa Ulaya. Ukazuka mgogoro juu ya njia ya kulipia, na posho zikachelewa miezi mingi, hadi mapatano ya mwanzo wa 2017. Mwenye kulipwa na kigeni hungoja ugomvi wa wakubwa uishe. Mwenye kulipwa na Hazina yake hungoja kodi ya yule mama wa ndagala, nayo ndiyo inayopotea njiani.

Basi serikali iwe kubwa au ndogo? Mabishano hayo ni ya kale. Ibn Khaldun, katika kitabu chake cha mwaka 1377, aliandika kwamba dola changa hutoza kidogo na kukusanya kingi, na dola iliyochakaa hutoza kingi na kukusanya kidogo. Hapa kwetu Rumonge ilifanywa mkoa mwaka 2015. Mwaka 2025, mikoa 18 ilipopunguzwa kuwa 5 na komini 119 kuwa 42, Rumonge ikarudi kuwa komini, ndani ya mkoa wa Burunga. Ofisi zimepungua, na mimi naliona hilo kuwa jema. Lakini bariyeri nne zikibaki zile zile, kwa mfanyabiashara wa ufukoni serikali haijapungua hata kidogo.

Na ziko kazi ambazo hakuna tajiri atakayezifanya. Nyavu za matundu madogo hukamata vitoto vya samaki wa watu wote, na ziwa hili ni la nchi nne, zilizotia sahihi mkataba wa kulitunza mwaka 2003. Nani atakayezikamata nyavu hizo kama si doria? Na mtumbwi ukipinduka usiku karibu na Nyanza-Lac, boti ya doria huitwa, nayo hutiwa mafuta kwa fedha za Hazina. Zile faranga 8,000 hazimo humo.