Kipindi cha leo: Piga hodi hata kwenye simu

Leo tunazungumzia adabu ya simu. Huenda ukajiuliza: mtu aliyekimbia vita ana haja gani na adabu ya simu? Haja ipo, tena kubwa. Familia nyingi zimetawanyika kati ya Congo, Burundi, Rwanda, Uganda na Tanzania, na kinachoziunganisha ni simu tu. Mara nyingi simu yenyewe ni ya kuazima.

Kabla ya kupiga, angalia saa. Kasulu, iliko kambi ya Nyarugusu, imetangulia Uvira na Bujumbura kwa saa moja. Ukipiga saa 12 asubuhi kutoka Kasulu, kule ni saa 11 alfajiri. Simu ya saa hiyo huamsha nyumba nzima kwa hofu, maana wengi huiogopa kuwa ni ya msiba.

Simu ikipokelewa, usianze kwa kuuliza, “Nani mwenzangu?” Wewe uliyepiga ndiye wa kujitambulisha. Sema: “Jambo mama. Ni mimi, mtoto wako mkubwa. Nimeazima simu. Unaweza kuzungumza sasa?”

Swali hilo la mwisho si la heshima tu. Mwenzako anaweza kuwa safarini, au mbele ya watu wasiopaswa kujua habari zake. Usimlazimishe kutaja mahali alipo wala majina ya alio nao. Akijibu kwa mkato, usikasirike. Muulize umpigie saa ngapi. Vilevile, usifungulie spika bila kumwambia ni nani wanaosikiliza.

Katika kambi kadhaa, Msalaba Mwekundu huwasaidia wakimbizi kuwapigia ndugu zao bila malipo. Dakika ni chache na foleni ni ndefu. Basi tanguliza yaliyo muhimu: kwamba u mzima, watoto wako wapi, na namba utakayopatikana. Taja namba pamoja na tarakimu za nchi: Tanzania 255, Burundi 257, Rwanda 250, Uganda 256, Congo 243. Mwombe mwenzako airudie, uhakikishe ameiandika vizuri. Ukimaliza, mshukuru mwenye simu na umpishe anayefuata.

Habari ya msiba ina njia yake. Usimtupie mtu kifo cha ndugu yake sikioni akiwa peke yake. Tafuta kwanza mzee, jirani au kiongozi wa dini aliye karibu naye, umwombe aende nyumbani kwake. Ikibidi useme mwenyewe kwa simu, muulize kwanza kama ameketi na kama kuna mtu pamoja naye.

Na wewe unayepokea? Mtu akikosea namba, usimtukane. Labda namba unayoitumia leo ilikuwa ya ndugu yake ambaye amemtafuta kwa miezi. Mwambie kwa upole: “Samahani, namba hii sasa ni yangu, na aliyekuwa nayo simjui.” Jibu hilo linauma, lakini linamwezesha kutafuta kwa njia nyingine badala ya kuendelea kupiga bure.

Kama umemwazima jirani simu na ndugu zake wakapiga baadaye, pokea ujumbe: nani amepiga, saa ngapi, kwa namba ipi. Ufikishe siku hiyohiyo. Lakini usimweleze mtu usiyemjua jirani yako analala wapi. Na mtu yeyote akikuomba namba ya siri ya pesa zako, kata simu. Hapo hujakosa adabu.

Kabla ya kipindi kijacho, andika namba za watu wako kwenye karatasi na uitunze vizuri. Simu inaweza kuibwa au kuzima, na namba zilizomo zikapotea nayo. Kwaheri, tukutane tena.