Chombo cha Manahodha Wawili

Vita vilipoanza mwezi wa Agosti, 1914, wakuu wa namna mbili waliwataka vijana wale wale wa Nyanza. Majemadari walitaka wapagazi, maana katika nchi ya Wajerumani, ambayo baadaye iliitwa Tanganyika, mbung'o waliwaua ng'ombe na punda, na chakula cha askari kilichukuliwa vichwani mwa watu. Maofisa wa utawala, kwa upande wao, walijua kwamba kijana akiondoka, shamba hukosa mkono wa kulilima.

Mjini Kisumu mzigo huo ulimwangukia Bwana John Ainsworth, Mkuu wa Jimbo tangu 1907, ambaye alikuwa amewahimiza watu wa kando ya ziwa kulima mahindi, simsim na pamba. Sheria ya 1915 iliruhusu kuwaandika wapagazi kwa nguvu. Machifu wakaamriwa kutoa watu, nao wakasafirishwa kwa gari la moshi.

Jeshi la Wapagazi liliongozwa na Bwana Oscar Watkins, naye pia alikuwa ofisa wa utawala. Mara nyingi alishindana na wakuu wa jeshi juu ya chakula, nguo na matibabu. Mtu aliyezoea wimbi na mtama, akipewa unga wa mahindi asiokuwa na nafasi ya kuupika ukaiva, hushikwa na tumbo la kuhara. Lakini waliokuwa vitani walitazama kwanza kama mizigo imefika.

Mapema mwaka 1917 Jenerali Hoskins alitaka wapagazi 160,000. Ndipo Ainsworth alipotolewa Kisumu, akafanywa Kamishna wa Kijeshi wa Kazi. Hivyo raia akapewa amri ya kijeshi, na yule aliyewahimiza watu kulima akawa ndiye wa kuwatoa mashambani.

Hesabu za Serikali zilionyesha kuwa wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, wengi wao kwa maradhi wala si kwa risasi. Jina la jeshi lao limebaki katika Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam.

Wahenga walisema, manahodha wengi, chombo huenda mrama. Chombo kile kilifika bandarini, kwa kuwa adui alishindwa. Waliozama njiani ni wapagazi, ambao hakuna nahodha aliyewauliza kama wanataka kusafiri.