Dada wa Kazi Hatafutwi Wiki ya Mwisho

Likizo ya uzazi kwa mwajiriwa wa Tanzania ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, suala la nani atabaki na mtoto hukumbukwa siku hizo zikielekea ukingoni. Ndipo simu zinapigwa: kwa shangazi aliyeko Singida, kwa mama wa jumuiya, kwa jirani, na mwishowe kwa dalali.

Dalali hulipwa msichana anapofika. Msichana akiondoka baada ya mwezi, dalali hupigiwa tena na kulipwa tena, kwa hiyo kudumu kwa msichana kazini hakumhusu. Ndugu wa kijijini hachukui ada, ila binti aliyeletwa kwa jina la ukoo huona haya kudai mshahara uliochelewa, nawe unaona haya kumwambia kazi imemshinda. Ushahidi ninaouamini ni wa mwajiri wa zamani. Mpigie mwenyewe, na usiridhike na "ni binti mzuri". Muulize binti alikuwa akilea mtoto wa umri gani, aliondoka kwa nini, na kama angekubali kumchukua tena.

Umri wake pia ujulikane kabla ya kutuma nauli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na aliyetimiza 14 huruhusiwa kazi nyepesi tu. Kushinda na mtoto mchanga, huku akipika na kufua, hakuwezi kuitwa kazi nyepesi. Omba namba ya NIDA au cheti cha kuzaliwa, pamoja na barua ya serikali ya mtaa au kijiji anakotoka.

Kwenye mshahara ndipo wengi tunapojidanganya. Amri ya mishahara ya 2013, ambayo tangu hapo imebadilishwa, iliweka kima cha chini cha shilingi 80,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani asiyelala kwa mwajiri, na 40,000 kwa anayelala. Hoja ni kwamba huyu wa pili anapewa chakula na kitanda. Sawa, lakini ndiye pia anayeamshwa saa nane usiku mtoto akilia, na ndiye asiye na saa ya kutoka kazini. Sheria inampa saa 24 za mapumziko kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Ni nyumba ngapi zinazozihesabu? Halafu tunashangaa ametoroka kwenda kwa jirani aliyemwongezea kidogo.

Andikianeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja: mshahara, tarehe ya malipo, siku ya mapumziko, kazi zipi ni zake na zipi si zake. Na kama kuna mjamzito nyumbani, anzeni kutafuta kabla hajajifungua, ili dada apate wiki mbili tatu za kumzoea mtoto mama akiwepo.