Kambare Sebuleni

Likizo iliyopita nilitotolesha kambare sebuleni kwetu, kwa mtaji wa mama. Kambare jike akifugwa hatagi kirahisi. Mtaalamu alimchoma sindano ya homoni, na baada ya saa kama 12 tukamkamua mayai. Dume hatoi mbegu kwa kukamuliwa, hivyo ilibidi achinjwe. Hapo roho iliniuma.

Mayai tuliyarutubisha, tukayatandaza kwenye wavu ndani ya tangi la kioo, maji yakiwa nyuzi 27, pampu ya hewa ikibubujisha. Kesho yake, vifaranga hao! Siku 3 za mwanzo usiwalishe, wanaishi kwa kiini cha yai. Baada ya hapo niliwapa viroboto wa maji wadogo, kidogo kidogo mara nyingi, na kila siku nikafyonza uchafu kwa mpira.

Kosa langu? Sikuwatenganisha. Kumbe waliotangulia kukua wanawameza wenzao! Wiki ya tatu nilibaki na chini ya nusu. Mama aliangalia tangi, akanyamaza.

Sasa nawapanga kwa ukubwa kila wiki. Jamani, ukitaka kujaribu, andaa beseni za kuwatenganishia kabla hujatafuta mayai.