Pampu ya Diff: Ulipie Relei, Kihisi au Akili Unde?

Kamati ya maji ya Diff, kule Wajir Kusini karibu na mpaka wa Somalia, ikijiwa leo na muuzaji wa akili unde inayogundua hitilafu kabla mashine haijazima, haitakuwa imeuziwa hewa. Viwandani programu za ujifunzaji wa kina husoma mtetemo, joto na umeme wa mashine usiku na mchana, zikapiga kengele namba zinapokwenda kombo. Kaskazini Mashariki viwanda ni vya kuhesabu, lakini mashine ambayo ikisimama watu na ngamia wanahama tunayo: pampu ya kisima kirefu. Kwa hiyo suala ni pesa, na ni kinga ipi inayotosha.

Anza na kile kisanduku cha umeme kando ya jenereta. Pampu ikikosa maji, mota huvuta umeme pungufu. Ikikwama kwa mchanga, huvuta kupita kiasi. Fezi moja ikikatika, mota inaungua. Watengenezaji kama Franklin Electric hushauri tofauti ya mkondo kati ya fezi tatu isizidi asilimia 5. Relei, yaani swichi ndani ya kisanduku hicho inayoizima pampu umeme ukienda kombo, ndiyo kinga ya kwanza. Ile ya kulinda fezi huuzwa kwa shilingi elfu chache. Ile inayozima pampu kisima kikikauka ni ghali zaidi, lakini bado haifikii hata kidogo gharama ya kukodi lori la winchi, kung'oa mabomba na kununua mota mpya. Haihitaji intaneti. Kisima kisicho na relei hakina haja ya kuzungumzia akili unde.

Kasoro ya relei ni kwamba inazima pampu na kunyamaza. Hapo ndipo kihisi kinapostahili pesa yake. Kupitia mradi wa Kenya RAPID, ulioanza 2015 kwa fedha za Marekani na Uswisi, vihisi vya kampuni ya SweetSense vilifungwa kwenye visima vya kaunti kame, Garissa na Wajir zikiwamo. Kihisi hukamata waya wa pampu, kikapima umeme unaopita na kutuma habari kwa mtandao wa simu au kwa setilaiti. Chuma chenyewe si ghali sana, ila ada ya huduma haina mwisho. Laini ya simu ni nafuu, mradi mtandao uwepo. Setilaiti hufika popote, lakini kila ujumbe una bei, kwa hiyo wengi hukusanya vipimo na kuvituma mara chache kwa siku. Habari njema kwa mfuko, mbaya kwa mota inayoungua saa nne asubuhi.

Je, ujumbe unasaidia? Kyuso, Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitia vifaa vya kutuma ujumbe kwenye mikono ya pampu za mkono. Muda wa wastani wa kutengeneza pampu ulishuka kutoka siku 27 hadi chini ya siku 3. Lakini soma vizuri kilichofanyika: palikuwa na timu ya mafundi na vipuri, kazi yao kuitikia ujumbe ule. Ukiondoa fundi, utabaki na simu inayolia.

Sasa akili unde. Hulishwa miezi ya vipimo vya pampu ikiwa nzima, ikajifunza mwenendo wake, kisha ikashtuka mwenendo ukibadilika. Kwa pampu ya jenereta sioni faida kubwa: umeme wake hautikisiki sana, na kikomo cha juu na cha chini kinatosha. Kwa pampu ya sola hali ni tofauti, kwani mkondo hupanda na jua na kushuka wingu likipita, na kikomo kimoja kitapiga kelele kila alfajiri. Na kuna mvua. Utafiti uliochapishwa 2019 kuhusu mifumo 221 ya maji katika maeneo kame ya Kenya na Ethiopia ulionyesha kuwa baada ya wiki isiyo na mvua, saa za pampu kufanya kazi huongezeka kwa asilimia 23 zikilinganishwa na wiki zilizotanguliwa na mvua. Mvua ikinyesha wafugaji huenda kwenye silanga na kisima kikapumzika. Programu isiyojua habari za mvua itaita mapumziko hayo ugonjwa.

Kosa hilo lina bei. Kihisi kinachopima kila dakika 5 hutoa vipimo 288 kwa siku. Muuzaji akijivunia usahihi wa asilimia 99 kwa kila kipimo, hiyo asilimia 1 iliyobaki ni karibu kengele 3 za uongo kila siku. Nani atapanda gari kutoka Wajir mjini, kwa barabara ile, kufuata kengele ya tatu? Mafuta ya safari hizo yatapita ada ya programu, na baada ya mwezi hakuna atakayeitikia hata ya kweli.

Kisima kimoja pia hakiharibiki mara nyingi kiasi cha kuifunza mashine. Visima vya kaunti nzima vikikusanywa pamoja, hapo ndipo inapata cha kujifunza. Kwa hiyo huo ni ununuzi wa serikali ya kaunti, haifai kubebeshwa kamati inayokusanya pesa za mtungi kwa mtungi.

Ningekuwa kwenye kamati hiyo, shilingi ya kwanza ingeenda kwa relei, ya pili kwa mkataba wa fundi wenye siku za kufika zilizoandikwa, ya tatu kwa kihisi chenye kikomo cha kawaida. Kabla ya kutia sahihi mkataba wa kihisi, uliza ada ya mwaka wa tatu ni ya nani: USAID, shirika la misaada la Marekani lililofadhili vihisi vingi vya kanda hii, ilifungwa Julai 2025. Na mwambie muuzaji aonyeshe kengele ngapi za mwaka jana zilikuwa za kweli, kisima kwa kisima. Akishindwa, mrudishe na kifaa chake.